Taa ya Luksi 10,000 kwa Majira ya Giza: Soma Kwanza Maandishi Madogo

Mwishoni mwa Desemba mji wa Umeå, kaskazini mwa Uswidi, hupata mwanga wa mchana kwa muda usiofika hata saa tano, na jua huzama kabla ya saa nane mchana. Kwa sisi tuliokulia Dar es Salaam, ambako tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi kabisa wa mwaka haifiki saa moja, mabadiliko hayo huingia mwilini kabla hayajaingia akilini: usingizi usiokwisha, hamu ya wanga kila saa, na uzito wa kuinuka kitandani ambao ndugu wa nyumbani, wakisimuliwa kwa simu, huuita uvivu au huushauria maombi. Hali hiyo ni ugonjwa unaotambulika. Norman Rosenthal na wenzake, wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, waliieleza sonona ya msimu mwaka 1984, na tangu hapo mwanga mkali wa asubuhi umekuwa miongoni mwa tiba zake. Mwaka 2012 kampuni ya umeme ya hapa Umeå ilifunga hata taa za namna hiyo katika vituo vya mabasi.

Nimetumia taa mbili, na tofauti yake ndiyo sababu ya tathmini hii. Ya kwanza ilikuwa ndogo, nyembamba, ya kupendeza mezani, na kasha lake lilitangaza kwa herufi kubwa luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali fulani). Ndani ya kijitabu cha maelezo, kwa herufi ndogo mno, iliandikwa kwamba kiwango hicho hupatikana uso ukiwa umbali wa sentimita 15. Hakuna anywaye chai na kusoma huku pua imekaribia kugusa taa. Na ukirudi nyuma hadi umbali wa kawaida wa kukaa, mwanga unaoyafikia macho hupungua kwa kasi, kwa kuwa umbali ukiongezeka maradufu nguvu yake huweza kushuka hadi karibu robo. Sioni kwamba mtengenezaji alisema uongo, ila alichagua kwa makusudi kipi kionekane.

Ya pili, ninayoipendekeza, ni sanduku bapa lenye ukubwa wa sinia ya pilau, halina uzuri wowote, na bei yake ni kubwa zaidi. Lakini maelezo yake yanataja luksi 10,000 kwa umbali wa nusu mita, nayo huchuja miale ya urujuanimno (UV), ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Naiwasha mara baada ya kuamka, kwa nusu saa, ikiwa juu kidogo ya usawa wa macho na imeelekezwa usoni, bila ya kuikodolea. Ofisi yenye taa nzuri huwa na luksi 300 hadi 500 tu, kwa hiyo taa za kawaida za sebuleni, hata zikiwashwa zote, hazishiki nafasi yake. Nafuu niliyoiona ilianza na usingizi, ambao ulijipanga upya katika wiki za mwanzo, kisha hamu ya kutoka na kuonana na watu ikafuata polepole. Nilipoijaribu jioni ilinikosesha usingizi kabisa, jambo ambalo kijitabu kilikuwa kimelionya.

Muuzaji mmoja aliniambia kwamba taa hii ingeniongezea pia vitamini D. Si kweli, kwa sababu miale inayoitengeneza ndiyo hiyohiyo iliyochujwa. Sisi wenye ngozi nyeusi, ambao ngozi yetu huhitaji jua zaidi kuitengeneza, tuzungumze na daktari kuhusu vidonge. Mwenye ugonjwa wa retina, yaani utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, au mwenye bipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, asiiwashe kabla ya kumwona daktari, kwani kwa mwenye bipola mwanga mkali unaweza kuchochea msisimko wa kupindukia. Mtu anayefikia kuwaza kujiua asisubiri taa: nchini Uswidi apige 112 kwa dharura, na 1177 kwa ushauri mwingine wa afya.

Kasoro zake ni waya mfupi, unaolazimisha kununua kebo ya nyongeza, na kitako kinachoyumba juu ya meza isiyo sawa. Kwa wanaoishi chumba kimoja na mwenzao, mwanga wake utamwamsha aliyelala, hivyo ni vema iwekwe jikoni.