Mume wangu alidai matunzo, nikatafuta wakili: tathmini yangu ya huduma niliyopata

Ofisi ya mawakili niliyokwenda naipa nyota nne kati ya tano. Naandika hasa kwa ajili ya mwanamke aliyepokea maombi ya talaka, akasoma mpaka aya inayosema mume anaomba alipwe matunzo kila mwezi, na damu ikamchemka. Nyumbani kwetu mimi ndiye niliyekuwa na mshahara mkubwa. Mume wangu aliacha kazi watoto wakiwa wadogo, nami nikapanda vyeo na kusafiri kikazi kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuwapokea wakitoka shule. Nilikuwa nalijua hilo siku zote. Lakini kuliona limeandikwa na wakili wake kama dai dhidi yangu kuliniuma mno.

Ofisi niliyokwenda ni ndogo na inashughulikia mashauri ya ndoa na familia tu. Kabla ya kunipangia miadi, karani aliniuliza jina kamili la mume wangu ili wahakikishe hawajawahi kumhudumia. Nilipenda sana. Mtu aliyewahi kutunza siri za mwenzako hafai kukaa upande wako wa meza, na ofisi isiyouliza swali hilo mapema ni ya kuogopa.

Kikao cha kwanza kina ada yake maalumu, na nilitajiwa kabla sijafika. Nilikuja na visa vya ndoa vya kutosha kujaza siku nzima. Wakili alinisikiliza kwa heshima, hakunikatiza, kisha akasema: "Pole sana, dada. Sasa niambie mmeishi kwenye ndoa miaka mingapi, nani aliacha kazi na mlikubaliana vipi, na afya zenu zikoje." Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba maswali hayo ndiyo kiini cha shauri lenyewe. Mahakama nyingi hupima urefu wa ndoa, umri, afya, kipato cha kila mmoja na uwezo wake wa kujitafutia, hali ya maisha mliyoizoea, na mchango wa aliyebaki nyumbani. Nani alimkosea nani huwa na uzito katika baadhi ya nchi, kwingine hauna kabisa, na hata pale ulipo kwa kawaida hautoshi kuwa hoja pekee.

Nikamuuliza swali lililonileta: hivi mwanamume anaweza kudai matunzo kwa mkewe? Hakunipa jibu la kunifurahisha. Alisema kila nchi ina sheria yake. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inamzungumzia mwenzi, awe mke au mume. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inamruhusu mume kudai pale ambapo maradhi au majeraha ya mwili au akili yamemfanya ashindwe kujipatia riziki. Marekani, Mahakama ya Juu Kabisa iliitengua mwaka 1979 sheria ya jimbo la Alabama iliyowatwisha waume peke yao mzigo huo, katika kesi ya Orr dhidi ya Orr. Kwa upande wetu, akasema, sheria haikubagua, kwa hiyo tusipoteze muda kubisha kama ana haki ya kuomba. Tubishanie alipwe kiasi gani, na mpaka lini.

Hapo ndipo pesa yangu ilipofanya kazi. Nilikuwa nimechanganya kila kitu, yeye akavitenganisha. Mali ya ndoa ina mgawanyo wake. Matunzo ya watoto ni haki ya watoto, wala wazazi hawawezi kuyauza ili kupata nafuu kwingine. Matunzo ya mwenzi ni jambo la tatu, nayo yana sura kadhaa. Kuna ya muda, yanayolipwa kesi ikiwa bado inaendelea. Kuna ya kumwezesha mtu asimame tena, asome au arudi kazini, na hayo huwa na tarehe ya mwisho. Kuna yasiyo na kikomo, ambayo mara nyingi hubaki kwa ndoa za miaka mingi au mtu asiyeweza tena kufanya kazi. Na kuna mkupuo mmoja, ukishalipa umemaliza. Huo mkupuo nilitaka kuurukia palepale, akanizuia nifikirie kwanza: malipo ya kila mwezi yanaweza kupunguzwa na mahakama nikipoteza kazi, lakini mkupuo kwa kawaida haurudi.

Kisha akanipa kazi ya nyumbani, na kwa kweli ni kazi. Fomu ya mapato na matumizi ina kurasa nyingi: kodi ya nyumba, bima, nauli, dawa, ada, madeni, hata matengenezo ya gari. Kila mstari unataka ushahidi. Taarifa za benki, hati za mshahara, akiba ya uzeeni, akaunti ile ndogo uliyoisahau. Alinitazama machoni akasema nisifiche chochote, maana fomu hiyo inaapiwa, na mali iliyofichwa ikigundulika hata makubaliano yaliyokwisha kusainiwa yanaweza kufumuliwa. Shoga yangu alikuwa amenishauri nipunguze saa za kazi ili nionekane sina kitu. Wakili aliukataa ushauri huo papo hapo. Mahakama inaweza kukokotoa kwa kile unachoweza kupata, si kile ulichoamua kupata.

Fomu ya mume wangu ilipokuja, tuliipitia mstari kwa mstari. Mengine tulipinga, mengine wakili mwenyewe aliniambia ni halali yake. Nilithamini sana hilo la pili. Mume wangu alitaka alipwe bila kikomo. Kwa mpatanishi tulifikia malipo ya muda maalumu, ya kutosha yeye kumaliza mafunzo na kutafuta kazi, yanayokoma akioa tena, na yanayoweza kuangaliwa upya hali ya mmoja wetu ikibadilika kwa kiasi kikubwa. Wakili alisisitiza makubaliano yapelekwe mahakamani yawe amri, kwa sababu karatasi tuliyosaini wawili tu ingekuwa ngumu kuitekeleza. Alinionya pia: hata siku nitakapokwama, nisisimamishe malipo kwa uamuzi wangu. Niombe mahakama ibadilishe amri, la sivyo deni litaendelea kurundikana. Na nilipe kwa benki, si mkononi, ili kila malipo yaache alama.

Kodi waliniachia mtaalamu wa kodi, nami naona walifanya sawa, kwani sheria zake hubadilika. Marekani, kwa mfano, kwa talaka zilizokamilika baada ya tarehe 31 Desemba 2018, anayelipa hapunguziwi tena kodi ya serikali kuu kwa ajili ya matunzo, wala anayepokea hatozwi.

Nyota moja niliyokata ni ya bili. Wanatoza kwa vipande vya dakika, na niliwahi kutozwa kwa kupiga simu kuuliza tarehe ya kikao, jambo ambalo karani angenijibu bure. Nililalamika, wakaniletea mchanganuo wote na kufuta kipengele hicho, lakini mteja hapaswi kuwa ndiye mkaguzi. Pia katikati ya shauri majibu yalichelewa sana, na wakili mdogo aliyeshika faili hakuwa ameisoma vizuri. Ukienda, omba mkataba wa ada kwa maandishi, uliza nani hasa atashughulikia faili lako kila siku, na kusanya maswali yako uyatume kwa barua pepe moja badala ya simu kila yanapokujia.

Kwa mtu ambaye ndoa yenu ilikuwa fupi, nyote mna kazi na hakuna watoto, huduma hii ni kubwa kuliko mahitaji yako. Kikao kimoja cha ushauri na mtu wa kuwasomea makubaliano kinaweza kutosha. Usiye na uwezo wa kulipa, anzia kwenye vituo vya msaada wa kisheria, chama cha mawakili au kliniki za sheria za vyuo vikuu, na uende na nyaraka zako zote tayari. Na kama unapigwa au unatishwa, usikubali kukalishwa chumba kimoja na mwenzako kwa mpatanishi. Mwambie wakili jambo hilo kwanza, kabla hata ya kutaja pesa, maana kuna amri za ulinzi anazoweza kuziomba kwa haraka.