Huduma ya Uhariri wa Ripoti za Wagonjwa, Makole, Dodoma

Kabla ya kugusa lugha ya ripoti yetu ya kuchapishwa katika jarida la tiba, kuhusu mgonjwa mwenye uvimbe wa taya, mhariri wa ofisi hii aliomba kuona ridhaa ya maandishi ya mgonjwa huyo. Picha iliyozibwa macho kwa utepe mweusi aliikataa, kwani miongozo ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba inaeleza kuwa kuziba macho hakutoshi kuficha utambulisho. Ikakatwa, yakabaki meno na taya. Jina la kijiji nalo liliondolewa, na ni haki kabisa, maana vijijini kwetu mwenye uvimbe kama huo hujulikana na kila mtu. Bei ni kubwa kwa daktari wa kituo cha afya. Hata hivyo nawapendekeza, hasa kwa kuwa hawakubali kuorodhesha miongoni mwa waandishi kiongozi asiyeshiriki kazi.