Nyota 4 kati ya 5: walikagua upya ripoti ya alama ya kidole ya mdogo wangu

Naandika hii kwa yeyote ambaye ndugu yake ameshikwa na kitu pekee kinachomkandamiza ni karatasi ya maabara. Jina la ofisi binafsi iliyotukagulia ile ripoti siliweki maana kesi bado inaendelea, ila nitasema walichofanya kizuri na kibaya ili ukienda kwa watu wa kazi kama hii ujue cha kuuliza.

Iko hivi. Mdogo wangu anashtakiwa kuvunja nyumba na kuiba. Hakuna aliyemwona, hakukutwa na mali, kilichopo ni kipande cha alama ya kidole kwenye kioo cha dirisha na ripoti ya ukurasa mmoja inayosema alama ni yake kwa asilimia mia. Yeye anasema dada, hiyo nyumba mi siijui hata mlango wake. Wakili wetu mwenyewe alivyoisoma ile ripoti akanyong'onyea kabisa, akaanza habari za kukiri ili adhabu ipungue, na mimi nilikaribia kukubali maana nani anabishana na alama ya kidole jamani, tumekua tunaambiwa hakuna watu wawili wenye vidole sawa basi mjadala umeisha.

Kwenye hiyo ofisi tulipokelewa na mama mmoja ambaye miaka mingi alifanya kazi hiyohiyo ya kuchunguza alama za vidole ndani ya maabara ya serikali. Wala hakuniuliza kama mdogo wangu ni mwizi au sio mwizi. Aliishika ile karatasi akasema, "Hiyo mia kwa mia ameitoa wapi?" Alafu akanielewesha kitu ambacho sikuwahi kukifikiria, kwamba vidole vya watu kutofanana ni jambo moja, na binadamu kuweza kuvitofautisha kwa jicho lake ni jambo lingine. Pale kituoni wanakuchukua vidole vyote kumi vizuri, taratibu, na wino au mashine. Kwenye dirisha kinabaki kipande, kimeteleza, kimepakazika, huenda robo tu ya kidole, na mtu anakaa anatazama mistari anaamua. Ni uamuzi wa mtu, sio mashine inayotoa jibu.

Akanipa mfano wa mabomu ya treni za Madrid, Hispania, Machi 2004. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walikamata wakili mmoja wa jimbo la Oregon kwa sababu ya alama iliyokutwa kwenye mfuko wenye viwashio vya mabomu, wataalamu watatu wakubwa kabisa wakasema ni yake, na hata mtaalamu wa kujitegemea aliyeteuliwa na mahakama kwa ajili ya huyo wakili naye akakubaliana nao! Polisi wa Hispania wakagoma, wakaja kumpata mwenye kidole, raia wa Algeria. Yule wakili alishakaa ndani kama wiki mbili, FBI wakaomba radhi, na mwaka 2006 serikali ya Marekani ikamlipa dola milioni 2. Hapo nilimuuliza mama sasa kama hata wa kujitegemea alikosea wewe nikuamini kwa lipi? Akasema usiniamini mimi, angalia ninavyofanya.

Na kweli, kwa namna anavyofanya kazi namkubali mia fil mia. Hakugusa alama ya mdogo wangu kwanza. Alichukua picha ya alama ya dirishani peke yake, akaweka nukta kwenye kila mahali anapoona mstari unakatika au unagawanyika, akapiga picha ya alichoweka na tarehe na saa, ndo akafungua karatasi ya vidole vya mdogo wangu. Sababu ni kwamba ukishaona kidole cha mshukiwa, jicho linaanza kuyaona mambo yake kwenye ile alama chafu hata kama hayapo, na kwenye ile kesi ya Madrid wachunguzi waliokuja kukagua baadaye waliona kosa hilohilo. Akamtuma wakili wetu aombe kumbukumbu za kazi za maabara, sio ripoti tu. Zilipokuja tukakuta yule mchunguzi aliongeza nukta tano BAADA ya kuona vidole vya mdogo wangu. Tena barua iliyoenda na sampuli iliandikwa kabisa kwamba mshukiwa ameshakamatwa na ana rekodi ya nyuma. Na ile sahihi ya pili chini ya ripoti, niliyodhani ni mtu mwingine aliyechunguza upya kutoka mwanzo, kumbe aliletewa jibu likiwa limeshaandikwa akalithibitisha.

Mtu anaweza kusema barua tu ina shida gani. Mwaka 2006 mtafiti Itiel Dror na wenzake walichukua wataalamu watano wazoefu, wakawapa alama ambazo wao wenyewe zamani walishasema zinalingana, bila kuwaambia, wakawadanganya kwamba ndo zile za kesi ya Madrid walizokosea FBI. Wanne kati ya watano wakabadilisha jibu lao. Alama zilezile, macho yaleyale! Mi nilisoma hiyo sehemu ya ripoti aliyotuandikia huyo mama mara tatu usiku nikamfikiria mdogo wangu kule ndani.

Sasa jibu lenyewe. Hakuandika "sio yake." Aliandika haitoshi kuamua. Niseme ukweli niliumia sana, nilimpigia simu nikiwa nalia, nikamwambia, mama, nimelipa ili umtoe mtoto wetu. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, nikiandika nisichokiona nitakuwa nimefanya kilekile alichofanya mwenzangu." Na kwenye ripoti aliweka hata yasiyotusaidia: kwamba utafiti wa 2011 wa wataalamu 169 ulikuta majibu ya kumtaja mtu asiyehusika ni machache sana, kama asilimia 0.1, wakati majibu ya kumkosa mtu halisi ni asilimia 7.5. Alafu akaweka ya washauri wa kisayansi wa rais wa Marekani, 2016, waliosema kosa la kumtaja asiyehusika linaweza kufika 1 kwa 306 katika utafiti mmoja na 1 kwa 18 katika mwingine. Vyovyote iwavyo, sifuri haipo, na ripoti ya maabara ilitaka hakimu aamini ni sifuri.

Kitu kingine nilichokipenda, kuna kazi wanazikataa. Alama za meno kwenye ngozi hawagusi, wala kulinganisha nywele kwa hadubini kisha kumtaja mtu. FBI wenyewe mwaka 2015 walikiri wachambuzi wao 26 kati ya 28 walitoa maelezo yenye makosa kwenye mambo ya nywele, na kuna watu walishahukumiwa kifo humo.

Nyota moja naikata, na naikata kwa uchungu. Waliahidi wiki tatu zikawa saba, tarehe moja ya mahakama ikapita bila ripoti, kesi ikaahirishwa na mdogo wangu akaendelea kukaa rumande. Simu mapokezi hazipokelewi. Na hakuna aliyeniambia mwanzoni kwamba kuandika ripoti ni malipo yake na kuja kusimama kizimbani ni malipo mengine, nilijua wakati tayari nimeshamaliza akiba. Toleo la kwanza la ripoti pia lilikuwa gumu, hata wakili hakulielewa, ikabidi tuwarudishie waandike kwa lugha ya watu.

Wakili sahivi haongelei tena kukiri. Aliyeandika ripoti ya maabara ameitwa aje ahojiwe, na wakili ana swali la kumuuliza kuhusu kila nukta kati ya zile tano. Ukiamua kwenda kwa ofisi ya namna hii, uliza mapema kuhusu malipo ya kizimbani, na peleka picha halisi ya alama yenye rula pembeni, sio fotokopi. Sisi tulipeleka fotokopi tukapoteza siku tisa.