Makali yalinolewa, ndoano ikauawa

Ndoano ya kisu changu cha kuwindia imekufa, na aliyeiua ni fundi wa karibu na soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, ambaye watu kutoka Kamalondo hadi Katuba wanamsifu kwa kunoa.

Kisu hicho kilifuliwa kwa mkono na mhunzi mzee kutokana na bamba la springi ya lori, kikatiwa mpini wa mninga. Mgongoni mwake, karibu na ncha, kuna ndoano ndogo yenye makali ndani ya tao lake tu. Pongo akishaanguka, unatoboa ngozi kidogo, unaingiza ndoano, unavuta, na ngozi inafunguka mpaka kifuani bila utumbo kuguswa. Ndiyo maana upande wa nje wa ndoano lazima ubaki butu na laini, kwa sababu huo ndio unaoteleza juu ya matumbo. Anayeutia makali ananiharibia nyama.

Haya yote nilimweleza fundi kabla hajakishika kisu. Nilimwomba atumie tupa nyembamba ya mviringo, ile inayonolea minyororo ya misumeno ya kukatia miti, au msasa uliozungushiwa kijiti, aende polepole mpaka uzi mwembamba wa chuma ujitokeze upande wa pili, kisha auondoe. Alinijibu bila kunitazama: "Baba, kisu ni kisu." Akawasha mashine yake ya jiwe la kuzunguka, na pembeni yake hapakuwa na hata kopo la maji ya kupoza chuma.

Nilipokwenda kukichukua, makali marefu yalikuwa mazuri, tena mazuri sana, kiasi cha kunyoa nywele za mkono, na sifa hiyo simnyimi. Ndoano, hata hivyo, ilikuwa imegeuka rangi ya buluu, mdomo wake umepanuliwa, na upande wa nje umechongwa ukawa mkali. Chuma cha namna hii, baada ya kuzamishwa kwenye mafuta kikiwa chekundu, hupashwa tena kwa joto la nyuzi 200 hivi ili kisivunjike ovyo, na wakati huo huwa na rangi ya majani makavu. Kikifika buluu, kimekaribia nyuzi 300, na ugumu wa makali umepungua. Ndoano ni nyembamba, haina unene wa kumeza joto, kwa hiyo ndiyo huungua mapema kuliko sehemu nyingine yoyote.

Nilipomwonyesha, alisema rangi hiyo itatoka kwa msasa. Rangi itatoka, ni kweli, lakini je, msasa utarudisha ugumu? Akadai malipo yote, na mbele ya vijana wake akaniambia kwamba mtu anayejua sana akanoe mwenyewe nyumbani kwake. Mimi ni mtu mzima, nilizungumza naye kwa heshima tangu mwanzo, na neno hilo bado linanichoma.

Nilikusudia kuandika kwamba mpelekeeni mapanga na visu vya jikoni, ila vyenye ndoano au meno msimpe. Sasa ninapoandika nafikiri tofauti. Aliyenoa ndoano bila maji alinoa na makali marefu bila maji, na kweli, nilipochinja mbuzi baadaye, karibu na ncha makali yalijikunja upesi. Basi hata panga msimpelekee.

Mhunzi wangu amekiangalia. Mpini lazima utoke, chuma kipashwe kupita nyuzi 800, kizamishwe, kipashwe tena kwa joto dogo, kisha ndoano ichongwe upya kwa tupa, nayo itakuwa fupi kuliko ilivyokuwa. Gharama hiyo nimemdai fundi, na hajatoa faranga hata moja. Akiilipa, na akanunua tupa ya mviringo na ndoo ya maji, nitafuta maneno ya panga, kwa kuwa mkono wake kwenye makali yaliyonyooka ni mkono mzuri. Ya ndoano sitayafuta.