Uzoefu wangu na crosstool-NG 1.26.0: kujenga kroskompaila ya Raspberry Pi 4

crosstool-NG ni chombo cha kujenga kroskompaila, yaani kompaila inayoendeshwa kwenye kompyuta moja lakini ikitoa programu za mashine ya aina nyingine. Kama bodi yako ina Debian au Ubuntu ileile iliyo kwenye kompyuta yako, usihangaike nacho. `sudo apt install g++-aarch64-linux-gnu` inatosha. Thamani ya crosstool-NG huonekana pale matoleo ya glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux, yanapopishana. Mfano ninaoutumia hapa ni Raspberry Pi 4 yenye Debian 11, ambayo glibc yake ni 2.31. Programu iliyokompailiwa kwa zana za Ubuntu 22.04, zenye glibc 2.35, ikifika kwenye bodi hiyo inakataa kuwaka na kulalamika kwamba `GLIBC_2.34` haipo. Hata programu ya mistari mitano haikwepi, kwa sababu `__libc_start_main`, mlango wa kila programu ya C, ilipewa namba mpya ya toleo katika glibc hiyo ya 2.34.

Ufungaji hauna mengi: `./configure --prefix=$HOME/ct-ng`, `make`, `make install`, kisha ongeza `$HOME/ct-ng/bin` kwenye PATH. Ukiambiwa kifaa fulani hakipo, mara nyingi ni `help2man`, `gawk`, `texinfo` au `libtool`. Hicho cha mwisho kinachanganya: kwenye Debian na Ubuntu, faili yenyewe imo ndani ya pakiti ya `libtool-bin`, si `libtool`.

Anza na `ct-ng aarch64-rpi4-linux-gnu`, halafu `ct-ng menuconfig`. Humo shusha glibc hadi 2.31, na chagua heda za Linux (faili za `.h` zinazoieleza kerneli, kiini cha mfumo) ambazo toleo lake halipiti la kerneli ya bodi. Sehemu hii watu huiruka. Kwa kawaida chombo huijenga glibc ikidai kerneli isiyo ya zamani kuliko heda ulizochagua, na programu uliyoiunganisha kwa `-static` (glibc ikiwa ndani yake) itazima papo hapo kwa "FATAL: kernel too old". Ukiwa bado humo, fungua "Paths and misc options" uwashe "Debug crosstool-NG" na "Save intermediate steps". Bila hilo, kila kosa linakurudisha mwanzo kabisa.

Kinachonipendeza zaidi ni jinsi chombo hiki kinavyogoma mapema. Hakikubali kuendeshwa na root. Hakikubali `LD_LIBRARY_PATH` wala `CFLAGS` zilizobaki kwenye terminali; ziondoe kwa `unset`. Pia hukataa mfumo wa faili usiotofautisha herufi kubwa na ndogo, kama wa macOS au `/mnt/c` ndani ya WSL. Wanaodhani huo ni ukali usio na sababu waangalie heda za Linux: `xt_TCPMSS.h` na `xt_tcpmss.h` ni faili mbili tofauti, na kwenye diski kama hiyo moja humeza nyingine. Kwenye WSL fanyia kazi ndani ya `$HOME`.

Sasa makosa yenyewe. Ujumbe unaouona mwisho kwenye skrini, "Build failed in step...", unakutajia tu hatua iliyoanguka. Chanzo kimo ndani ya `build.log`, nacho hutafutwa kutoka juu: `grep -n '\[ERROR\]' build.log | head`. Kazi zikienda nyingi kwa pamoja, nyingine huendelea kuandika baada ya moja kufa, ndiyo maana mistari ya chini hupotosha. Kama mstari wa kwanza ni "C compiler cannot create executables", acha logi hiyo ufungue `config.log` ya folda husika; hapo utaiona amri kamili iliyoshindwa.

"Killed signal terminated program cc1plus" si kosa la msimbo. RAM imeisha na kerneli imeua kompaila, `dmesg` itathibitisha. Mimi huhesabu GB 2 kwa kila kazi, kwa hiyo mashine ya GB 8 naipa `ct-ng build.4`, hata kama ina kori 8. Hapo ndipo hatua zilizohifadhiwa zinapookoa muda: `ct-ng list-steps` hutaja majina, na `ct-ng cc_for_host+` huendelea kuanzia hatua hiyo.

Onyo la glibc linapogeuka kosa, kwa kawaida umeoanisha GCC (kompaila yenyewe) mpya na glibc ya zamani. Maonyo mapya ya GCC hayakuwapo glibc hiyo ilipoandikwa, na `-Werror`, inayogeuza kila onyo kuwa kosa, haisamehi. Shusha GCC, au zima `-Werror` kwenye menyu ya glibc. Mimi hushusha GCC.

Anayebaki na 1.24.0 atakwama mapema zaidi, kwenye kupakua isl, maktaba ambayo GCC huitumia, kwani toleo hilo linaitafuta kwenye seva ya gforge ya Inria iliyofungwa. Pandisha toleo.

Nikilinganisha na kujenga kwa mkono, chombo kinakuepusha na mtego wa mpangilio. Kwa mkono utakutana na "gnu/stubs.h: No such file", au libgcc (maktaba saidizi ya GCC) ikikosa `crti.o`, faili ya glibc, kwa kuwa libgcc inahitaji heda za glibc, na glibc nayo inaihitaji libgcc. Baya zaidi ni `PATH_MAX` kutotambulika ndani ya libsanitizer, sehemu ya GCC ya kunasa makosa ya kumbukumbu: GCC ya kwanza ilijitengenezea `limits.h` fupi kabla heda za glibc hazijafika. Mwongozo mwingi hukwambia uongeze `#define`, nami naona huko ni kuziba tundu kwa kidole. Tengeneza upya `limits.h` kwa kuunganisha `limitx.h`, `glimits.h` na `limity.h`.

Naipa nyota 4. Ya tano imepotea kwa sababu ya `~/x-tools`, inayofungwa isiandikwe baada ya ujenzi: `rm -rf` hugoma mpaka utangulize `chmod -R u+w ~/x-tools`.