TAHADHARI: Fundi wa "sensa ya DPF" aliyeniuzia sensa yangu mwenyewe

Wakuu salaam. Hii ni kwa wenye Mazda CX-5 za dizeli na dizeli nyingine za Japani zenye DPF, yaani lile chujio la masizi kwenye ekzosi, lenye sensa (kifaa cha kupimia) ya presha. Kuna fundi anazunguka gereji za Ilala na mashine ya kupimia kwenye begi la mgongoni. Jina simtaji, ila mtindo wake nauanika hapa, maana nina hakika hayuko peke yake.

Taa ya injini iliniwakia nikiwa kwenye foleni ya Ubungo. Gari likawa zito, unakanyaga mafuta halivuti. Jamaa yangu mmoja akanielekeza kwa huyu bwana. Akachomeka mashine yake, akanionyesha kioo: namba ya hitilafu P2453. "Sensa ya presha ya DPF imekufa, bosi. Mpya kutoka Japani laki nne na nusu." Nikapiga picha za injini, tabia niliyojifunza tangu siku nilipobadilishiwa betri gereji, halafu nikaenda kwa mama lishe kula.

Narudi, hitilafu zimekuwa mbili. Imeongezeka P2454. "Si unaona? Inazidi kufa." Nami nikaamini! Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba ukichomoa plagi ya sensa huku umeme wa gari umewashwa, kompyuta lazima iandike hitilafu ya saketi. Sensa haikuzidi kufa wakati mimi nakula wali. Aliichomoa yeye, ili nikirudi nikute ushahidi.

Nikalipa. Akaja na boksi jipya, akafunga, akafuta kodi (hizo namba za hitilafu), taa ikazima. Siku tatu tu, nafika Kibaha, taa hiyo tena.

Fundi wa pili, mzee mmoja mpole asiye na maneno mengi, hakukimbilia mashine. Alipitisha mkono kwenye mipira miwili inayotoka kwenye DPF kwenda kwenye sensa. Kiganja kikarudi cheusi. Mpira wa upande wa kabla ya chujio ulikuwa umekauka kama biskuti, umepasuka pale kwenye kona, na masizi yamepuliza doa jeusi kwenye chuma cha jirani. Hiyo sensa kazi yake ni kulinganisha presha ya kabla na ya baada ya chujio. Mpira ukivuja inasoma uongo, na kompyuta inalalamika kwamba kipimo hakieleweki. P2453 maana yake ni hiyo tu: kipimo hakieleweki. Haisemi kwamba sensa imekufa. Inakutajia mtaa, nyumba utaitafuta mwenyewe.

Mpira mpya unaohimili joto ulinigharimu elfu kumi na tano pamoja na ufundi.

Sasa uchungu wenyewe. Mzee akaniuliza, "Hii sensa mpya mbona bolti yake ina alama ya rangi nyeupe na kibati kina kutu?" Nikafungua picha zangu kwenye simu. Alama ileile, mkwaruzo uleule pembeni ya plagi. Jamaa aliiosha sensa yangu kwa petroli, akaitia kwenye boksi, akaniuzia. Namba ya spea kwenye boksi wala haikufanana na iliyoandikwa kwenye sensa.

Kwa hiyo ukiambiwa sensa ya presha imekufa, mwambie awashe umeme tu bila kuwasha injini, afungue kipimo cha presha ya DPF. Kinatakiwa kiwe sifuri au karibu sana na sifuri, kwa sababu hakuna moshi unaopita. Kisha awashe injini, apandishe mzunguko: kipimo nacho kipande. Kikiganda palepale, kagua mipira, plagi na waya kwanza, sensa baadaye. Na aanze na kumbukumbu ya hali ya gari wakati hitilafu ilipoandikwa. Ukikuta spidi sifuri na mzunguko wa injini sifuri, jiulize nani alikuwa ameshika plagi. Kifaa kidogo cha Bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani kinaonyesha mengi ya haya kwenye simu, pamoja na kilomita ulizotembea tangu kodi zifutwe. Hiyo ya kilomita ni dhahabu hata unaponunua gari mkononi mwa mtu: muuzaji anasema halijawahi kusumbua, kifaa kinasema kodi zimefutwa kilomita nne zilizopita.

Wenye malori yanayotumia AdBlue, kile kimiminika cha kusafisha moshi wa dizeli, nanyi mnapigwa. Rafiki yangu anayepeleka mizigo Tunduma aliambiwa asubuhi, injini ya baridi, kwamba sensa ya NOx (inayopima gesi chafu za nitrojeni kwenye moshi) imekufa kwa kuwa haisomi kitu. Sensa hiyo haianzi kusoma mpaka ekzosi ipate moto wa kutosha kukausha unyevu. Anayeihukumu injini ikiwa baridi ama hajui kazi au anataka hela yako.

Baada ya kubadilisha mpira nililipeleka gari mpaka Chalinze kwa mwendo wa themanini bila papara (pale panaporuhusiwa, vibao vya hamsini mnavijua) ili DPF ichome masizi yake. Taa haijarudi. Nilipima na oili, maana kwenye injini hizi dizeli huvujia kwenye oili chujio likishindwa kumaliza kujisafisha kila mara. Ikifika alama ya X kwenye kijiti, mwaga.

Yule bwana nilimpigia. Hakukana wala hakukubali. Akasema nilete gari anifungie "nyingine mpya" kwa laki tatu, bei ya mteja wake wa siku zote.