Asili ya neno: kamusi ya karatasi au ya mtandaoni?

Chukua "papa". Kwa Mswahili ni samaki wa kuogopwa. Katika Kihispania "el papa" ni kiongozi wa Kanisa Katoliki, neno la Kigiriki lililopitia Kilatini. Lakini Amerika Kusini "la papa" ni kiazi, na hilo limetoka Kikechua, lugha ya milima ya Andes. Kimaori, lugha ya wenyeji wa New Zealand, nacho kina Papa, ardhi inayoonwa kama mama katika hadithi zao za jadi. Sauti moja, ukoo hakuna.

Kwa gharama, mtandao unashinda waziwazi. Wiktionary, kamusi ya mtandaoni iliyoanza 2002, ni bure na huziweka lugha hizo zote ukurasa mmoja. Kwa karatasi utahitaji rafu nzima.

Uhakika ndipo penye mgogoro. Wiktionary yeyote anaweza kuihariri, na wakati mwingine asili imeandikwa bila chanzo. Kitabu kimepitia mikono ya wahariri, ingawa (hili huniudhi) kamusi nyingi ndogo hazigusi asili kabisa.

Matunzo? Kitabu hakihitaji chaji, ila kosa lake hungoja toleo jipya.

Unaandika tasnifu? Shika kitabu. Unamaliza ubishi wa jioni, au unalinganisha lugha tano kwa mpigo? Fungua simu, na usiache kutazama vyanzo.